Uzi maalumu: Kwa nini hadithi za waandishi vijana wa Afrika zinatutoa machozi ilhali wahusika wake hawalii?

#1 Msomaji wa Kihonda

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni wa wanaosoma riwaya na hadithi fupi, za Kiswahili, za Kiingereza, na hata za Kifaransa kwa wanaokimudu. Kuna swali tumelibishania sana kwenye kikundi chetu cha usomaji hapa Morogoro na hatujalimaliza. Mbona hadithi za waandishi vijana wa Afrika wa miaka hii kumi na kitu zinatuchoma kiasi hiki? Unakuta mtu mzima kamaliza kitabu, kakiweka mapajani, ukimuuliza kimeishaje anakwambia subiri kwanza.

Jibu langu ni hili na nitalitetea. Zinatuchoma kwa sababu mwandishi anamnyima mhusika wake nafasi ya kulia, anampa kazi ya kufanya. Msiba upo, tena mzito, lakini mhusika yuko bize na kitu kidogo kilichoko mbele yake. Kilio kinabaki kwetu tunaomtazama.

Tuanze na Okwiri Oduor wa Kenya, mshindi wa Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Afrika mwaka 2014 kwa hadithi "My Father's Head". Msimulizi, Simbi, anafanya kazi kwenye makazi ya wazee. Siku moja anafika padri pale, na ujio wake unamrudishia Simbi kumbukumbu za marehemu baba yake. Anaamua kumchora. Mwili unachorekа vizuri tu. Akifika kichwani, anakwama. Hakumbuki kichwa cha baba yake kilikuwaje.

Hakuna anayepiga mayowe hapo. Kuna binti na karatasi. Lakini aliyewahi kuzika mtu wa karibu anaijua hofu hiyo. Inaanza kupotea sauti, unafuata mwendo, halafu siku moja unajikuta unaitafuta picha ya kitambulisho uhakikishe nyusi zilikaa vipi. Watu hawaizungumzi hofu hii msibani, wala hakuna salamu ya pole iliyotungwa kwa ajili yake. Oduor kaitafutia umbo: kichwa kisichochoreka. Baadaye hadithi inageuka, baba anarudi kweli, na sasa binti hajui atamrudishaje alikotoka. Kwa sisi tuliokulia kwenye nyumba ambamo marehemu huulizwa na hujibu, hilo halitushangazi sana. Kinachouma ni kwamba alimtaka kwa muda mfupi tu, amtazame kichwa.

Mfano wa pili niupitie haraka. Makena Onjerika, naye wa Kenya, alishinda tuzo hiyohiyo mwaka 2018 kwa "Fanta Blackcurrant". Ni watoto wa mitaani Nairobi, na wanaosimulia ni "sisi", kundi zima. Wanasema Mungu akija kuwauliza wanataka nini, wengine wataomba makubwa, lakini mwenzao Meri angeomba Fanta moja kubwa, anywe kila siku isiishe. Ukishasoma hilo hapo mwanzoni, kila balaa linalomfika Meri baadaye unalipima na ile Fanta.

Karibuni. Anayepinga apinge kwa hoja.

#2 Mzee wa Hoja

Mkuu, uzi mzuri, ila mimi nina kinyongo na hizi hadithi za tuzo. Watoto wa mitaani, vita, ukame, baba mlevi. Majaji wako London, wachapishaji wako New York, mwandishi anajua kabisa nini kitamtoa chozi msomaji wa kule. Unaita hisia, mimi naita biashara ya mateso yetu.

#3 Msomaji wa Kihonda

Mzee wa Hoja, shikamoo. Hoja yako ni ya kweli na haijaanza leo. Mwaka 2013 Helon Habila wa Nigeria, aliyewahi kuishinda Caine yeye mwenyewe mwaka 2001, alipokuwa akihakiki riwaya ya NoViolet Bulawayo wa Zimbabwe aliuliza swali hilohilo: je, waandishi wetu hawajazoea kuipanga Afrika kama orodha ya maafa? Ziko hadithi za namna hiyo, nimezisoma na nikaziacha njiani.

Kipimo changu ni kimoja. Natazama kama mhusika ana jambo lake mwenyewe analolitaka, mbali na kuteseka. Mhusika wa biashara ya mateso hana analolitaka, yupo pale aonewe huruma. Meri anataka soda. Simbi anataka kuona kichwa. Chukua na "The Fishermen" ya Chigozie Obioma wa Nigeria, ya mwaka 2015, iliyoingia orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Ndugu wanne wa Akure wanakwenda kuvua mto waliokatazwa kwa sababu baba kahamishiwa kazi mbali, na nyumbani hakuna wa kuwakemea. Wanataka samaki. Kichaa mmoja anamtabiria kaka mkubwa kwamba atauawa na mvuvi, na wavuvi anaowajua ni wadogo zake. Hakuna umaskini wa kuuza pale, baba ni mfanyakazi wa benki kuu. Maangamizi yote yanatoka kwenye neno moja lililoingia kichwani mwa kijana likakataa kutoka. Hilo lingeweza kutokea kwenye nyumba yoyote Mikocheni au Kisumu.

Sasa twende Burundi, maana mfano huu ndio naupenda kuliko yote.

Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, mama Mnyarwanda, baba Mfaransa. Riwaya yake "Petit Pays" ilitoka Ufaransa mwaka 2016, na mwaka huohuo wanafunzi wa sekondari wa kule wakaipa tuzo yao ya Goncourt. Msimulizi ni Gaby, mtoto wa miaka kumi, anayeishi kwenye kichochoro kisicho na njia ya kutokea mbele, mtaa wa Kinanira. Sehemu kubwa ya kitabu ni utoto mtupu: kombi mbovu ya Volkswagen waliyoigeuza kijiwe, na maembe ya wizi wanayokwenda kumuuzia mwenye mwembe mwenyewe, mama mmoja wa Kigiriki. Mwanzoni kabisa anamuuliza baba yake kwa nini Wahutu na Watutsi wanapigana. Wana nchi moja, lugha moja, Mungu mmoja. Baba anamjibu ni kwa sababu hawana pua za kufanana.

Kuanzia siku hiyo yeye na mdogo wake Ana wakienda mjini wanatazama watu pua.

Wakuu, ninyi mmesoma vitabu vingapi vya historia kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994? Mimi nimesoma kadhaa, na vina takwimu zinazotisha. Lakini watoto wawili wanaotazama pua za watu barabarani wamenieleza sumu inavyoingia nyumbani kuliko takwimu zote, tena inaingia kwa mdomo wa baba anayewapenda, akiwa anatafuta jibu rahisi la kumaliza maswali. Mwandishi haongezi neno. Haandiki "hapo ndipo nilipopoteza utoto wangu". Anakuacha na zile pua, anarudi kwenye maembe.

#4 Wa Kasulu

Nimepita kimya mkuu ila hapa nimeshindwa. Wazazi wangu walivuka kuja Kigoma, mimi nimezaliwa upande huu. Hicho kitabu niliazimwa na mwalimu wa Kifaransa. Kuna pale mama yake Gaby anarudi kutoka Rwanda. Alikuta watoto wa shangazi yake wamekufa ndani ya nyumba siku nyingi, akawazika, halafu akabaki anasugua sakafu, na madoa hayatoki. Anakuja kumsimulia Ana usiku, mtoto mdogo vile.

Mama yangu hajawahi kutusimulia kitu. Ila anadeki. Nyumba yetu inadekiwa asubuhi, mchana na jioni, hata hakuna aliyeingia. Nilipofika kwenye ule ukurasa niliinuka nikaenda kumpokea ndoo. Sijui kama hilo linajibu swali lako.

#5 Msomaji wa Kihonda

Linajibu, ndugu yangu. Asante sana kwa kutuambia. Msalimie mama.

#6 Bi Swafaa wa Mvita

Asalaam aleikum. Mimi niko Mombasa na nataka kumkosoa mwenye uzi kidogo tu, kwa mapenzi.

Unasema vijana wa leo. Hayo ya kuzuia kilio yalikuwako zamani. Mwana Kupona alipotunga utendi wake, miaka ya 1850 huko, alikuwa mgonjwa, maradhi yamemshika mwaka mzima, na anajua anakwenda. Hebu tazama anavyoanza. Amwita binti yake aje akae karibu, alete wino na karatasi, ana maneno ya kumpa. Kisha ni mafunzo: adabu, usafi, dini, kuishi na mume. Twasomeshwa kuwa ni utendi wa mawaidha, na ni kweli. Lakini mimi tangu nizae binti siwezi kuusoma nikaumaliza. Mama anakufa, na muda uliobaki autumia kumfundisha mwanawe asitembee na wapumbavu. Hapo umeyaona machozi ya nani?

Na kama wataka kijana wa leo aliyeyachukua hayo, kuna Khadija Abdalla Bajaber, mzaliwa wa hapahapa. Riwaya yake "The House of Rust" ilipata Tuzo ya Afrika ya Graywolf Press mwaka 2018 kabla hata haijatoka, ikachapishwa 2021. Aisha, binti wa mvuvi, babake apotea baharini, naye aingia chombo kilichoundwa kwa mifupa amfuate, pamoja na paka anayesema. Watu wa mbali wamsifu kwa majini na mazimwi. Mimi aliyenikamata ni nyanyake, Hababa. Bibi yule mapenzi yake yote yatoka kwa ukali. Amkemea msichana, ataka aolewe, ataka atulie. Mimi nimelelewa na bibi kama yule na nilimjua anapenda kwa namna alivyonuna nikichelewa kurudi. Hilo Mzee wa Hoja nakwambia hakuandikiwa mtu wa London.

#7 Msomaji wa Kihonda

Waleikum salaam Bi Swafaa, nimekubali kabisa, na umenisaidia. Niongeze wa kwetu: Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alikuwa na miaka 27 tu "Rosa Mistika" ilipotoka, mwaka 1971. Naye alikuwa mwandishi kijana. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni, na watu wakabaki kukumbuka ile marufuku. Lakini kinaanza na jambo la kawaida kabisa la nyumbani: barua ya mvulana inagunduliwa, na Zakaria anampiga binti yake Rosa. Ukikisoma leo ukiwa mzazi, unaona mwisho wote wa kitabu ulipandwa siku ile. Tungekuwa tunakifundisha kama kitabu cha hisia badala ya kitabu cha "maadili", pengine tungekuwa na akina Kezilahabi wengi zaidi wa Kiswahili.

Nirudi kwa vijana wa sasa, na hapa nitakaa kidogo. Ayobami Adebayo wa Nigeria, riwaya "Stay With Me", 2017. Alikuwa na miaka 29. Inasimuliwa Ilesa, miaka ya 1980. Yejide na Akin wanapendana, mtoto haji, ukoo unamletea Akin mke wa pili. Yejide anahangaika mpaka anapanda mlima kwa mtumishi mmoja wa Mungu, na mbuzi mweupe, na kule juu anamnyonyesha yule mbuzi hadi anamwona mtoto. Ukiambiwa hivi unaweza kucheka. Ukisoma huwezi, kwa sababu Adebayo anaisimulia kutoka ndani ya Yejide, na Yejide wala hacheki, yuko kazini, anamnyonyesha mtoto wake.

Watoto wanakuja baadaye, sitaharibu uhondo kwa kusema wanapatikanaje. Ila ugonjwa wa selimundu, yaani sikoseli, uko ndani ya damu ya nyumba ile. Yejide anazika, anazika tena. Anapozaliwa wa tatu, Rotimi, anajizuia asimpende.

Nilimsomea shangazi yangu sehemu hiyo, namtafsiria papo kwa papo, yeye akipeta mchele uani. Shangazi alizika mtoto kwa hiyo sikoseli. Nilipofika pale Yejide anapomwangalia Rotimi kwa mbali, nikasita, nikadhani nimefanya vibaya kumletea kitabu kile. Akasema bila kuinua macho: "Mimi huyu wa mwisho sikumshonea nguo ya sikukuu mpaka alipoanza darasa la kwanza. Nilikuwa namvalisha za kaka yake." Halafu akasema, endelea.

Miaka yote hiyo tunamjua yule mtoto kama mtoto wa nguo za kurithi, tukidhani ni ubanaji wa matumizi. Hakuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kumuuliza shangazi, na sidhani angejibu. Riwaya ya mwanamke wa Ilesa ndiyo iliyomfungulia njia ya kulisema, na hakulisema kama kilio, alilisema kama habari ya nguo. Ndiyo maana nawaambia haya mambo si ya kisomi. Tunaishi na watu wanaoficha huzuni kwenye vitu vidogo, na hawa waandishi wamekaa wakavitazama vitu hivyo.

#8 Mzee wa Hoja

Hiyo ya shangazi nimeipokea. Bado nasimama na hoja yangu kuhusu majaji, lakini "Stay With Me" nitaitafuta. Swali: mbona mifano yako karibu yote ni ya Kiingereza na Kifaransa? Shangazi amesikia kwa sababu wewe ulikuwepo kumtafsiria. Wasio na mtu je?

#9 Msomaji wa Kihonda

Umegonga penye donda mzee wangu. Kazi ya tafsiri kwetu inakwenda polepole mno. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, mtu wa Zanzibar, ilisubiri mpaka baada ya Nobeli ya 2021 ndipo tukaipata kwa Kiswahili kama "Peponi", tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota, 2022. Ikiwa Gurnah alisubiri hivyo, Adebayo atasubiri mpaka lini? Kisha tunashangaa wasomaji wetu wanabaki na vitabu vya mtaala.

Vijana wanaoandika Kiswahili wapo, tena wengi. Wengine wamepita kwenye Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014. Ali Hilal Ali wa Zanzibar alishinda upande wa riwaya kwa "Mmeza Fupa". Na wengi zaidi wako kwenye magrupu ya WhatsApp, hadithi inatoka sehemu kwa sehemu na watu wanaisubiri usiku kucha. Siwadharau hata kidogo, wanasomwa kuliko sisi sote. Shida ninayoiona inaletwa na mfumo wenyewe: kila sehemu lazima iishe kwa mshtuko ili watu walipie inayofuata, kwa hiyo kila hisia lazima ipigiwe kelele. Mhusika analia sehemu ya 3, analia sehemu ya 4, ikifika sehemu ya 12 msomaji kashazoea.

#10 Kijana wa Mbagala

Shikamooni. Mimi ni mmoja wa hao wa WhatsApp. Naomba mnisaidie kwa hiki kipande bila kunionea aibu.

"Juma aliposikia mama yake amefariki moyo wake ulipasuka vipande vipande. Machozi yalimtiririka kama maji ya bomba. Dunia yote ikawa giza nene. Mama umeniacha na nani! alilia kwa uchungu usioelezeka."

#11 Msomaji wa Kihonda

Marahaba. Asante kwa kukiweka hapa. Nina maswali tu. Simu ilipoingia Juma alikuwa wapi? Mikononi alikuwa na nini? Mama alikuwa amemtuma kitu chochote siku hiyo? Jibu hayo, halafu andika upya bila neno moyo, bila neno machozi, bila neno uchungu.

#12 Bi Swafaa wa Mvita

Na usimwonee haya mtu, mwanangu. Wewe andika.

#13 Kijana wa Mbagala

Nimejaribu.

"Simu ilikatika akiwa Rangi Tatu, abiria kashapanda. Juma akamuuliza tena anakwenda wapi. 'Si nimeshakwambia Kongowe.' Akawasha pikipiki. Walipofika akapokea buku mbili, akatafuta chenji ya mia tano, akampa. Aliporudi alisimama kwenye duka la dawa, akatoa mfukoni karatasi ya mama, akauliza bei."

#14 Wa Kasulu

Duh.

#15 Mzee wa Hoja

Kijana, hii isije ikapotea kwenye simu. Iandike daftarini.

#16 Msomaji wa Kihonda

Ile chenji ya mia tano ndiyo iliyonimaliza. Mtu kapigwa na habari ile na bado anahesabu haki ya abiria. Sasa Juma ni mtu, namjua, nimepanda pikipiki yake.

Mambo mawili. Usije ukaongeza sentensi ya kueleza kwa nini aliuliza bei, hata wasomaji wako wakikuomba kwenye grupu. Na sehemu inayofuata usiianzie msibani, ianzie dukani: muuza dawa anamjibu nini, na Juma ana shilingi ngapi. Ukifika urefu wa riwaya, kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na washindi hutangazwa tarehe 13 Aprili. Wanapokea miswada ya Kiswahili.

Kwa wengine mnaotaka pa kuanzia: hadithi ya Oduor na ya Onjerika ni fupi, zinasomeka kwa simu usiku mmoja. Mwenye Kifaransa aanze na Faye. Na kama yupo hapa anayefanya kazi ya tafsiri na anataka kujaribu hata sura moja ya Adebayo kwa ajili ya mazoezi, anitumie ujumbe binafsi, nina mtu wa kumsomea.